Blodgett, aliyepanga molekuli tabaka kwa tabaka

MAFUTA yakimwagika kutoka jahazini katika Bandari ya Kale, Mombasa, hutandaa juu ya maji na kung'aa kwa rangi nyingi. Rangi hizo hutokana na wembamba wa utando wenyewe. Aliyezigeuza rangi za namna hiyo kuwa kipimo ni Bi Katharine Burr Blodgett, mwanasayansi wa Marekani.

Alizaliwa Januari 10, 1898, mjini Schenectady, jimbo la New York. Babake, wakili wa kampuni ya General Electric, aliuawa kwa risasi kabla ya bintiye kuzaliwa. Mwaka 1918, baada ya kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago, Blodgett aliajiriwa na kampuni hiyo hiyo, akawa mwanasayansi wa kwanza wa kike katika maabara yake ya utafiti. Mnamo 1926 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamifu katika fizikia na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Mkubwa wake, Irving Langmuir, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1932, alikuwa amechunguza tando za mafuta zenye unene wa molekuli moja tu juu ya maji. Blodgett alizihamisha hadi kwenye kioo. Alikichovya na kukiinua, tena na tena, tabaka likishika juu ya tabaka. Milimeta moja ikigawanywa mara milioni, kila tabaka lilikuwa na unene wa takriban sehemu mbili na nusu. Kwa kuwa kila unene ulikuwa na rangi yake, aliweza kuupima kwa macho.

Mwaka 1938 alipaka kioo tabaka 44 za dutu ya jamii ya sabuni. Mwanga uliorudi kutoka juu ya utando ukafutana na ule uliorudi kutoka chini yake, na kioo kikaacha kumetameta. Kasoro ni kwamba utando huo ulifutika upesi, hivyo wengine wakabuni ulio mgumu zaidi.

Mbinu yenyewe haikufutika. Watafiti wa elektroniki bado huitumia kupanga molekuli juu ya silikoni, hata kwa mistari myembamba mno, wakitafuta njia ya kuunda vifaa vidogo zaidi.

Blodgett alistaafu mwaka 1963 na kufariki Oktoba 12, 1979, akiwa na umri wa miaka 81. Aliingia maabara akiwa msaidizi wa Langmuir. Leo mbinu hiyo hubeba majina yao wote wawili.