Rebmann wa Rabai: Aliyehubiri kwa kukaa na watu

Tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, mtu akijiita mhubiri hapa Pwani hutazamwa mara mbili. Wala si makosa. Watu wamechoka na maneno matamu, wanataka kuona mwenendo. Ndiyo maana leo nataka tumkumbuke mzee mmoja aliyeishi Rabai zamani sana, ambaye hakuwa hodari wa kuvuta umati lakini aliishi imani yake mbele ya macho ya kila mtu.

Ukifika Rabai utaona makumbusho yenye jina la Krapf. Mwenzake, Johannes Rebmann, wengi tulimsoma shuleni kwa mstari mmoja tu: Mzungu wa kwanza kutoa habari za theluji ya Kilimanjaro. Mlima aliutembelea katika safari chache. Rabai alikuwa mtu wa huko kwa karibu miaka 30.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Ujerumani. Alitua Mombasa Juni 1846, akatumwa na jumuiya ya wamishonari ya Kanisa la Anglikana. Alimkuta Krapf akiwa mjane: mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamezikwa huku mwaka 1844. Kwa hiyo alijua mapema nchi hii ingeweza kumgharimu nini. Mwezi Agosti wote wawili, huku homa ikiwasumbua, walipanda kwenda kukaa Rabai kwa idhini ya wazee wa huko.

Mwaka 1848 alisafiri hadi Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mwislamu wa pwani hii, na Rebmann mwenyewe silaha yake ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni, na kiongozi wake akautaja kwa neno letu la kawaida, baridi. Wasomi wa London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Hakurudi Ulaya kwenda kujitetea. Ilipofika mwaka 1861, msafiri mwingine, von der Decken, alithibitisha kwamba mtu yule alisema kweli.

Hapo ndipo angeweza kuwa msafiri mwenye sifa. Badala yake alitulia Rabai. Yeye na Krapf walitofautiana: Krapf alitaka vituo vya misheni vipenye haraka hadi bara, Rebmann akaona ni bora kukaa mahali pamoja na kuwajua watu. Krapf aliondoka mwaka 1853. Richard Burton alipokuja mwaka 1857 akitaka kwenda naye bara, Rebmann alikataa. Mwaka huohuo mashambulizi ya Wamaasai yalimlazimu kukimbilia Unguja. Kulipotulia, alirudi Rabai.

Nyumbani hakukuwa na raha pia. Alikuwa amemwoa Emma mwaka 1851. Walizika mtoto mchanga, na mwaka 1866 Emma naye akafariki. Rebmann akabaki, na macho yake yakaanza kufifia.

Kazi aliyoishika ilikuwa ya haba na haba: kukusanya maneno ya Kirabai, ya Kiswahili na ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa. Hii ya mwisho alifundishwa na Salimini, mtumwa aliyekuwa Mombasa. Hebu fikiri. Katika mji ambamo mtumwa alihesabiwa kuwa mali, Rebmann aliketi chini kama mwanafunzi, akamsikiliza neno kwa neno. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877.

Tusimfanye malaika. Alizama mno katika vitabu vyake, na baadhi ya mila za wenyeji alizihukumu kwa ukali bila kuzielewa. Waumini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, akiwemo Abe Gunja. Sir Bartle Frere alipofika mwaka 1873 alimkuta mzee karibu kipofu, na kundi dogo sana. Kwa hesabu ya wakubwa, kazi ile ilikuwa imeshindwa.

Mwaka 1875, wakati makao ya watumwa waliokombolewa yalipokuwa yakianzishwa Frere Town, Rebmann alirudi Ujerumani. Aliyemwongoza njia nzima ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Kipofu hampi mkono mtu asiyemwamini, na kijana havuki bahari kwa ajili ya mzee asiyempenda. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Mwaka 1864 alikuwa amepokea wasaidizi waliotoka Bombay, Waafrika waliookolewa utumwani. Mmoja wao, William Jones, baadaye akawa kasisi na kiongozi wa Rabai, na ndiye aliyewahifadhi watoro waliokimbia mabwana zao. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vingine vya misheni walipewa uhuru wao. Wangekimbilia wapi kama mlango wa Rabai ungefungwa ile miaka ya ukame?

Basi tukitaka kumpima anayejiita mtu wa Mungu, awe wa kanisani au wa kwingineko, tusianze na wingi wa wafuasi wala ukubwa wa vipaza sauti. Tuulize: amekaa na watu kiasi gani? Amechukua nini kwao, na amewaachia nini? Anamsikiliza mnyonge, au anataka kusikilizwa tu? Na siku macho yake yakizimika, ni nani atakayejitolea kumshika mkono?