Alexander Graham Bell na Simu

Alexander Graham Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake, Eliza, alikuwa haisikii vizuri, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuwa kiziwi. Watu wengine walisema naye kwa sauti kubwa kupitia bomba alilolishika sikioni. Bell alitumia njia nyingine. Aliinama karibu na paji la uso la mama yake, akazungumza polepole kwa sauti nzito, naye mama akamwelewa.

Weka vidole vyako kooni, kisha useme neno lolote. Utahisi koo likitetema. Sauti ni mtetemo, nao huweza kupita hewani, majini, katika ubao na hata katika mfupa. Bell alianza kulifahamu jambo hili nyumbani, kabla hajalisoma vitabuni.

Ndugu zake wawili wa kiume walifariki kwa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi wakaogopa kumpoteza na huyu aliyebaki, wakahamia Kanada. Mwaka 1871 Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi. Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Mabel Hubbard, ambaye homa ilimnyang'anya usikivu alipokuwa na umri wa miaka mitano. Bell alimpenda, nao wakaoana mwaka 1877.

Siku hizo habari za haraka zilisafiri kwa telegrafu. Waya zake zilipeleka alama za kugonga tu, fupi na ndefu. Bell alifikiri kwamba, kama umeme ungeweza kuongezeka na kupungua kama sauti inavyopanda na kushuka, basi waya ungebeba maneno yenyewe. Usiku alifanya majaribio pamoja na fundi wake, Thomas Watson. Sauti ilitetemesha kiwambo chembamba, mtetemo ukabadili mkondo wa umeme, na upande wa pili sumaku ya umeme ikaugeuza mkondo huo kuwa sauti tena. Tarehe 10 Machi 1876 Watson alikuwa katika chumba kingine. Mara akasikia chomboni sauti ya Bell ikimwita, akaja mbio. (Bell hakuwa peke yake katika wazo hili, Elisha Gray naye alipeleka maombi yake serikalini siku ileile ya Bell, na kesi za simu ziliendelea mahakamani kwa miaka mingi.)

Kabla ya hapo, aliyetaka kusikia sauti ya ndugu yake wa mbali hakuwa na budi kufunga safari. Sasa mama aliweza kuzungumza na mwanawe aliye mji mwingine, na daktari aliweza kuitwa usiku. Hata hivyo, Bell mwenyewe hakutaka simu katika chumba chake cha kazi, kwa kuwa mlio wake ulimkatiza fikra.

Lakini kuna watu ambao chombo hiki kiliwaacha nje, nao ni viziwi, wale hasa aliotaka kuwasaidia. Bell aliamini kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na kwamba lugha ya alama iondolewe shuleni. Katika jambo hili alikosea. Viziwi wengi walimpinga, kwa sababu lugha hiyo ndiyo iliyowawezesha kuzungumza wao kwa wao bila shida. Leo lugha ya alama hutumika katika shule za viziwi za nchi nyingi.

Bell alifariki tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake Nova Scotia, Kanada, Mabel akiwa kando yake. Alipozikwa siku mbili baadaye, simu zote za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mabel alikuwapo mazishini. Katika ndoa yao ya miaka 45 hakuwahi kusikia neno hata moja katika simu ya mumewe.