Heinrich 'Simba': Aligonga sarafu, akaacha jiji

SIKU hizi kazi ya kutoa pesa ni ya benki kuu. Ujerumani ya karne ya 12 mambo yalikuwa tofauti: mtawala wa jimbo alikuwa na kiwanda chake cha sarafu. Aliyeujua mchezo huo vizuri ni Heinrich, mtawala wa Saxony na Bavaria, aliyebandikwa jina Simba.

Sarafu zake za Saxony zilikuwa nyembamba ajabu. Mfua fedha aliweka kipande cha fedha juu ya muhuri wa chuma, akagonga kwa nyundo, na picha ikatokea upande mmoja tu. Picha yenyewe? Simba, bila shaka. Hata asiyejua kusoma alijua pesa hiyo ni ya nani.

Na faida ilikuwepo. Mahali zilikotumika sarafu za aina hii, kila baada ya muda za zamani zilipigwa marufuku. Raia alirudisha 12, kwa kawaida akapewa mpya 9. Hizo tatu zilizopungua? Kodi hiyo, bwana!

Pale Bavaria, askofu wa Freising alikuwa na daraja huko Föhring, kwenye Mto Isar, ambapo wafanyabiashara wa chumvi walilipa ushuru. Heinrich akalibomoa. Akajenga lake kilomita chache kutoka hapo, akaongeza soko na kiwanda cha sarafu. Kesi ikafika kwa binamu yake, Mfalme Mkuu Frederick Barbarossa. Uamuzi ulitoka Juni 14, 1158: daraja jipya libaki, lakini thuluthi moja ya mapato ya ushuru na sarafu iende kwa askofu.

Kiburi ndicho kilichomponza. Mnamo 1176 Barbarossa alihitaji askari wa vita vya Italia, Heinrich akamkatalia. Baadaye wakubwa wenzake walipomshtaki, hakufika mahakamani. Mwaka 1180 alipokonywa Saxony na Bavaria, kisha akaenda uhamishoni kwa baba mkwe wake, Mfalme Henry II wa Uingereza. Alifariki mjini Brunswick mnamo 1195, amebaki na mali ya ukoo tu.

Lile soko la kando ya daraja nalo liliendelea kukua. Leo linaitwa Munich, lina watu zaidi ya milioni moja, na siku yake ya kuzaliwa ni Juni 14, siku ile ya hukumu.