Mtakatifu Fransisko Ksaveri Alipopita Pwani Yetu

Maji ya Mto Pangani yapitayo Korogwe humwagika katika Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa mwaka 1542, katika bahari hiyohiyo, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alisafiri kuelekea kaskazini, kutoka Msumbiji hadi Malindi.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 huko Navarra, katika Hispania ya leo. Akiwa masomoni Paris alikutana na Inyasi wa Loyola, na mwaka 1534 wao na wenzao wakaweka nadhiri zao Montmartre. Mwaka 1540 mwenzao aliyeteuliwa kwenda India aliugua, naye Fransisko akaitwa kushika nafasi yake. Alitweka kutoka Lisbon siku aliyotimiza miaka 35, pamoja na wenzake wawili, Paulo wa Camerino na Francisco Mansilhas. Ingawa alikuwa balozi wa Papa Paulo III, hakutaka mtumishi. Alifua nguo zake mwenyewe na kuwauguza wagonjwa merikebuni.

Walichelewa kufika Msumbiji, ikawabidi kungoja huko miezi kadhaa. Wengi waliugua, na wengi wakafa. Gavana Mreno alipoamua kuendelea na safari, alimchukua Fransisko. Wale wenzake wawili wakabaki kuwahudumia wagonjwa. Ndivyo alivyoipita pwani yetu bila ndugu zake.

Malindi alimzika Mreno mmoja aliyefia safarini. Huko pia mzee mmoja Mwislamu mwenye heshima alizungumza naye, akisikitika kwamba wenyeji walikuwa wamepoa katika ibada na misikiti mingi haikuwa na watu. Fransisko alitambua kuwa dini ikibaki jina tu, hufifia.

Kisha wakafika Sokotra. Wenyeji wa kisiwa hicho walijiita Wakristo, wakajivunia kuwa wazao wa watu waliobatizwa na Mtume Tomaso. Walisali kila siku, lakini katika lugha wasiyoielewa, nao viongozi wao wa sala hawakujua kusoma wala kuandika. Ubatizo ulikuwa umesahaulika. Fransisko aliwabatiza watoto wengi, na wazazi wakafurahi. Walimsihi abaki, naye alitamani kubaki. Gavana akakataa, akihofia Waturuki wasije wakamteka. Fransisko alitii kwa uchungu, akafika Goa tarehe 6 Mei 1542. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Desemba 1552, alifariki katika kisiwa cha Sancian, karibu na China. Mwaka 1622 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na mwaka 1927 likamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Sokotra haiko mbali nasi. Katika vigango vya Handeni na Korogwe, ambako padre hafiki kila Dominika, imani hushikwa na katekista, wazazi na jumuiya ndogondogo. Mtoto anayekariri Baba Yetu bila kufafanuliwa maana yake yuko katika hatari ileile iliyowakuta Wakristo wale. Basi tuwategemeze makatekista wetu, tuwapeleke watoto mafundisho, na nyumbani tuwaeleze maana ya sala tunazosali. Tena tuombee miito, ili wanaolilia mchungaji wasiachwe peke yao.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee.