Ghulamu Aliyelala Njaa London

Nilipopewa kurasa hizi niandike maisha ya mtu mashuhuri, niliwaza na kuwazua, kisha nikamchagua Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye ulimwengu humwita Mahatma. Najua tayari kuna mmoja anayeguna huko nyuma ya darasa. Gandhi tena? Si ni yule mzee wa miwani ya duara, shuka jeupe na mkongojo? Subiri kidogo, ndugu yangu. Habari za mzee utazikuta katika kitabu cha historia. Mimi nataka kukusimulia habari za kijana wa miaka 18 aliyekwenda kusoma ng'ambo, akalia usiku, akalala njaa, akanunua kofia ya bei ghali na kujifunza dansi ikamshinda.

Binamu yangu naye alikwenda ng'ambo majuzi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tulitarajia atuambie habari za theluji na treni za chini ya ardhi. Wapi! Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa juu ya chakula tu: hakijui jina, hajui kimepikwa na nini, na anaona haya kuuliza. Hapo ndipo nilipomkumbuka Gandhi.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 mjini Porbandar, pwani ya magharibi ya Uhindi. Babake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa hapo. Ukoo wao ni wa Bania, watu wa biashara, na neno hilohilo ndilo lililovuka bahari likawa Baniani wetu, yule wa kiatu chake dawa. Shuleni Mohandas hakuwa simba. Alikuwa na haya hivi kwamba kengele ya kutoka ikilia tu, hutimua mbio hadi nyumbani asije akasemeshwa na mtu. Akiwa na miaka 13 aliozwa Kasturba, msichana wa rika lake, kama ilivyokuwa desturi.

Kwao nyama haikuliwa kabisa. Lakini rafiki yake mmoja alimtia maneno kwamba Waingereza wanawatawala Wahindi kwa sababu wao hula nyama wakapata nguvu. Basi wakaenda kando ya mto, mafichoni, akaonja nyama ya mbuzi. Ilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Usiku ule, kila usingizi ulipomchukua, alihisi mbuzi mzima analia mee tumboni mwake! Hata hivyo aliendelea kwa siri kwa muda wa mwaka hivi, kisha akaacha kwa sababu hakuweza kustahimili kuwadanganya wazazi wake. Angalieni vizuri hapo. Hakuacha kwa kuona nyama ni mbaya. Aliuacha uongo.

Babake alifariki mwaka 1885. Mwaka 1887 Mohandas alifaulu mtihani wa kumaliza shule, akaingia chuo mjini Bhavnagar, lakini mafunzo ya wahadhiri yalimpita juu kama ndege, na baada ya muhula mmoja akarudi nyumbani. Rafiki wa familia akashauri apelekwe London akasomee uwakili, kwani huko miaka 3 ingetosha.

Shida ilikuwa mamake, Putlibai. Huyu mama alikuwa mtu wa saumu. Msimu mmoja wa mvua aliweka nadhiri asile chakula mpaka alione jua. Watoto wakawa wanakaa nje, macho mawinguni. Jua likichungulia, wanampigia kelele mama atoke. Akifika mlangoni, jua limeshajificha. Je, hununa? Hata kidogo! Hurudi kwenye kazi zake kwa uchangamfu, tumbo tupu. Sasa mama kama huyo, mwanawe akimwapia kitu, si mchezo. Alikuwa amesikia kwamba vijana wakifika Uingereza huharibika. Mtawa mmoja wa dini ya Kijaini, aliyekuwa mshauri wa familia, akamwapisha kijana mambo 3: asiguse pombe, asiguse mwanamke, asiguse nyama. Ndipo mama akampa radhi zake.

Bombay mambo yakachacha. Wazee wa jamii yake walimwita barazani, maana hakuna mtu wao aliyewahi kwenda Uingereza, na kuvuka bahari kwao kulikuwa kuvunja dini. Yule mtoto wa kukimbia watu akasimama mbele yao akawajibu kwamba hawezi kubadili nia. Wakamtenga papo hapo, na wakatangaza kwamba yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini atatozwa faini ya rupia 1 na ana 4. Shemeji aliyekuwa ameshika fedha za safari akaogopa kuzitoa. Ikabidi rafiki mwingine wa familia amkopeshe. Tarehe 4 Septemba 1888 akapanda meli, nyuma akimwacha Kasturba na mtoto wa miezi michache.

Melini hakufungua kinywa. Kiingereza cha kuzungumza kilimpa taabu, kila sentensi ilibidi aipange kichwani kwanza, na alipomaliza kuipanga mwenziwe alikuwa ameshaondoka. Mezani hakwenda, maana hakujua kutumia kisu na uma, tena hakuthubutu kuuliza ni vyakula gani havina nyama. Akajifungia chumbani akila vitamutamu na matunda aliyotoka nayo nyumbani.

Kabla hatujafika, watu wa Lamu mnisikilize. Safari yake ya baharini ya mwaka 1893 ndiyo iliyompeleka Afrika Kusini, na bandari ya kwanza meli hiyo kutia nanga ilikuwa Lamu. Alishuka kutazama mji, akafurahi kukuta makarani Wahindi katika posta. Wakati wa kurudi, maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu mno hata mashua haikuweza kushikamana na ngazi ya meli. Nahodha aliyekuwa akicheza naye sataranji akaichelewesha meli dakika 5. Ngazi ikawa imeshapandishwa. Gandhi akavutwa juu kwa kamba! Abiria wengine waliachwa. Kisha wakapita Mombasa na Unguja. Ya baadaye mnayajua: mapambano ya Afrika Kusini hadi 1914, uhuru wa Uhindi mwaka 1947, na risasi zilizomwua Delhi tarehe 30 Januari 1948. Si kila Mwafrika anayemsifu, na sitaki kulificha hilo. Maneno ya dharau aliyoandika juu ya Waafrika katika miaka yake ya mwanzo kule kusini yamewakera wengi, na mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Haya, turudi kwa kijana wetu.

Alishuka Uingereza mwisho wa Septemba akiwa amevaa suti nyeupe ya flaneli aliyoiweka akiba kwa siku hiyo. Lo! Akatazama huku na huku, hakuna mwingine aliyevaa nyeupe. Ilikuwa Jumamosi, na sanduku la nguo nyingine lisingepatikana hadi Jumatatu. Jioni akatembelewa hotelini na Daktari Pranjivan Mehta, Mhindi mwenzake. Kijana akaiona kofia ndefu ya mgeni, akaishika na kuipapasa manyoya yake kinyumenyume. Mehta akamsomesha papo hapo: usiguse vitu vya watu, usiulize maswali mara ya kwanza kukutana na mtu, usiseme kwa sauti kubwa. Kwetu sisi, kumnyamazia mgeni bila kumuuliza habari za nyumbani ni kukosa adabu. Kule ni kinyume.

Usiku alilia. Nyumba, mama, chakula cha kwao, vyote vilimjia kichwani, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Asubuhi alishiba kwa uji wa oti, lakini mchana na jioni ilikuwa mboga iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, na mkate. Aliona haya kuomba zaidi ya vipande 2 au 3. Nyumba aliyohamia baadaye, mabinti 2 wa mwenye nyumba walimwongezea kipande kimoja kimoja, wasijue kwamba mkate mzima ndio ungemtosha.

Rafiki aliyekuwa akimwangalia alimsihi siku baada ya siku ale nyama. Akamsomea hata vitabu vya wanafalsafa. Na hapa ndipo habari hii inaponigusa mimi: Gandhi hakuwa na hoja ya kumjibu. Moyoni bado aliamini kwamba nyama ingewapa Wahindi nguvu. Alichokuwa nacho ni neno alilompa mamake, basi. Siku moja rafiki huyo alimpeleka katika mkahawa wa kifahari ili waende mchezo wa kuigiza baadaye. Supu ikaletwa. Kijana akamwita mhudumu amuulize kama ina nyama. Rafiki akapandwa na hasira, akamwambia kama hawezi kukaa kama watu, atoke nje amsubiri. Akatoka. Palikuwa na mkahawa wa wasiokula nyama karibu, umefungwa. Akaenda kutazama mchezo na njaa yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelitaja jambo hilo.

Alitembea maili 10 au 12 kwa siku akitafuta mahali pa kula. Siku moja, katika mtaa wa Farringdon, akauona mkahawa wa wasiokula nyama. Alifurahi kama mtoto aliyepewa kitu akipendacho. Dirishani kulikuwa na vitabu, akanunua kimoja cha Henry Salt kwa shilingi 1, akaingia, akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile. Kitabu akakisoma chote. Tangu siku hiyo hakuacha nyama kwa ajili ya kiapo tu, bali kwa hiari yake.

Lakini msidhani akawa mtakatifu siku hiyohiyo. Ili kumridhisha yule rafiki, akaamua kuwa Mwingereza kamili. Kofia ndefu ya hariri, shilingi 19. Suti ya jioni, pauni 10. Akamwandikia kakake amletee mkufu wa saa wa dhahabu. Dakika 10 kila siku mbele ya kioo akifunga tai na kulaza nywele! Darasa la dansi pauni 3, na miguu ikakataa kabisa kufuata piano. Akanunua fidla ili sikio lizoee muziki, akamtafuta na mwalimu wa kuhutubia. Baada ya miezi 3 hivi akajiuliza amekuja London kwa nini, akaviacha. Akaanza kuandika kila senti aliyotumia, hata nauli na stempu, akahamia chumba kimoja chenye jiko, akijipikia uji na kakao. Alimudu kula kwa shilingi 1 na peni 3 kwa siku.

Uwakili wenyewe, mtacheka. Katika jumba la mawakili la Inner Temple ilikupasa pia kula, yaani kuhudhuria chakula cha jioni mara 6 katika kila muhula, mihula 12. Yeye alikula mkate, viazi na kabichi. Kila watu 4 walipewa chupa 2 za mvinyo, kwa hiyo wanafunzi waligombania kukaa na Gandhi! Kilatini kilimwangusha Januari 1890, akakirudia akafaulu Juni. Haya haikumtoka: katika kamati ya chama cha wasiokula nyama alikaa kimya mikutano yote, na siku aliyoandika maoni yake, mtu mwingine ndiye aliyeyasoma.

Tarehe 10 Juni 1891 akawa wakili, na tarehe 12 akasafiri. Bahari ilichafuka. Asubuhi abiria wawili watatu tu ndio waliofika mezani, sahani za uji wamezipakata magotini usimwagike. Kakake alimpokea bandarini Bombay. Huko ndiko alikoambiwa kwamba mama yao alifariki yeye akiwa London. Kaka alimficha habari asije akavunjika moyo ugenini. Alihuzunika kuliko siku ya kifo cha babake, lakini hakulia. Wakakoga kama ilivyo ada ya matanga, wakaenda zao Rajkot, ambako mara alianza kuwanywesha watu wa nyumbani uji wa oti na kakao, gharama zikiwa juu ya kaka.