Mama Daktari wa Magenta

Kila Bunge linapojadili sheria ya kutoa mimba, watu hugawanyika. Hawa humtetea mama kana kwamba mtoto hayupo. Wale humtetea mtoto kana kwamba mama hana hatari yoyote. Katika mabishano hayo jina la Gianna Beretta Molla hutajwa mara nyingi, na mara nyingi kwa haraka. Yatupasa basi kuyajua maisha yake kabla ya kulitumia jina lake.

Gianna alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1922 huko Magenta, karibu na Milano, nchini Italia, akiwa mtoto wa 10 kati ya 13. Katika ujana wake alitumikia Aksyo Katolika, na pamoja na Shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo aliwatembelea wazee na maskini. Mwaka 1949 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia; mwaka uliofuata akafungua zahanati katika kijiji cha Mesero. Alitamani kwenda Brazil kumsaidia kaka yake, padre Mkapuchini aliyekuwa mmisionari huko, lakini mwili wake haukuwa na nguvu za kutosha. Ndipo akatambua kwamba wito wake ni ndoa. Tarehe 24 Septemba 1955 aliolewa na mhandisi Pietro Molla, na hadi mwaka 1959 walikuwa wamejaliwa watoto watatu. Hakuwa mtu wa huzuni: alipenda milima, muziki na mavazi mazuri, wala hakuacha kuwatibu wagonjwa wake.

Mwezi Septemba 1961, akiwa na mimba ya miezi miwili, alionekana kuwa na uvimbe katika mji wa mimba. Njia zilikuwa tatu: kuuondoa mji wa mimba wote, na mtoto afe pamoja nao, kuuondoa uvimbe na kuitoa mimba, au kuuondoa uvimbe peke yake na kumwacha mtoto, njia iliyokuwa na hatari kubwa zaidi kwa mama. Yeye mwenyewe daktari, aliifahamu hatari hiyo. Akaichagua njia ya tatu.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba Kanisa lilimlazimisha. Sivyo. Kanisa hukataza kumwua mtoto kwa makusudi, hata kama nia ni njema. Lakini mwezi Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio wa 12 alikuwa amekwisha kueleza kwamba upasuaji wa lazima wa kuokoa maisha ya mama, ambao kifo cha mtoto hakikutakiwa ila hakikuweza kuepukika, hauhesabiwi kuwa mauaji ya moja kwa moja. Kwa mafundisho hayo, njia ya kwanza haikuwa imefungwa kwa Gianna. Alitoa zaidi ya alichodaiwa.

Upasuaji ulifaulu, mimba ikaendelea. Siku ya kujifungua ilipokaribia aliwaambia mumewe na madaktari kwamba, ikiwa ni lazima kuchagua, wamwokoe mtoto. Jumamosi Kuu, tarehe 21 Aprili 1962, katika hospitali ya Monza, binti yake Gianna Emanuela alizaliwa kwa kupasuliwa. Lakini mama alishikwa na uambukizo mkali tumboni, akafa tarehe 28 Aprili, mwenye umri wa miaka 39. Binti yule alikuja kuwa daktari.

Wakati ule sheria ya Italia ilikataza kutoa mimba. Mwaka 1975 Mahakama ya Katiba iliilegeza kwa ajili ya mama aliye hatarini. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria namba 194 iliyoruhusu kutoa mimba. Na katika kura ya maoni ya mwaka 1981 wananchi walikataa kuifuta. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Gianna Mwenye Heri mwaka 1994, na Mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, mumewe mzee akiwapo.

Wako wanaomtaja ili kumwambia kila mama mgonjwa kwamba wajibu wake ni kufa. Huko ni kumdhulumu. Zawadi haitozwi kama kodi. Wako pia wanaomhesabu kuwa mwanamke aliyedanganywa na dini. Nao wamdhulumu, kwa maana alichagua akiwa na elimu yake yote na hiari yake yote.

Sisi twaamini kwamba uhai wa mtoto ni amana isiyoguswa. Lakini anayesema hivyo amejifunga deni kwa mama. Sheria isimfanye daktari asite kumtibu mwanamke anayekufa, kwa hofu ya gereza. Tena uambukizo uliomwua Gianna waendelea kuua wazazi hata leo, pale palipokosekana mkunga, dawa na usafi. Anayemheshimu mtakatifu huyu asiishie kupiga kura juu ya sheria; na aulize pia kama zahanati ya jirani yake ina dawa, na kama mama mjamzito ataifikia usiku.