Ralph Teetor, kipofu aliyegundua kosa la madereva

Ralph Teetor alizaliwa mwaka 1890 mjini Hagerstown, jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa na miaka 5 alijeruhiwa na kisu, akapoteza macho yote mawili. Hata hivyo alisomea uhandisi kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 1912. Ubovu wa mashine aliutafuta kwa vidole na masikio.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa akisafiri kwa gari na wakili wake, alisikia mwendo ukipungua kila wakili alipoongea, na kupanda aliponyamaza. Moteri ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mguu wa dereva. Teetor akatengeneza chombo cha kushika mwendo mmoja, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1950. Kompani ya Chrysler ilikiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958.

Dereva akigusa freni, chombo huachia. Ndiyo sababu leo kisiposhika, fundi hupima mapema swichi ya pedali ya freni: ikiharibika, gari hudhani freni imekanyagwa.

Teetor alifariki mwaka 1982. Gari lenyewe hakuweza kuliendesha.